Kuanza tiba ya kisaikolojia: sentensi moja, vyumba vitatu

Mara ya kwanza nilipoketi mbele ya mwanasaikolojia, nilingoja dakika 50 aniambie la kufanya. Hakuniambia. Kila nilipomaliza kueleza jambo alinyamaza akiniangalia kwa upole, na kimya kile kikanilemea hadi nikaanza kusema mambo ambayo sikuwa nimepanga kuyasema. Nilirudi mara mbili, kisha nikaacha bila kuaga. Moyoni nikajiambia kwamba tiba hii si ya watu wa aina yangu.

Miaka miwili baadaye usingizi ulinikimbia kabisa, nikaenda kwa mtaalamu mwingine. Huyu aliweka karatasi mezani, akachora safu, akaniuliza saa, siku na maneno kamili yaliyokuwa yakinipita kichwani. Nikatoka na kazi ya kufanya nyumbani. Kwa muda mrefu nilisimulia habari hii kama habari ya mtaalamu mbaya na mtaalamu mzuri, na nilikosea. Wale wawili walikuwa wanafanya kazi mbili tofauti. Kila mmoja aliijua yake. Mimi ndiye niliyeingia bila kujua kwamba ziko mbili.

Anayeanza huambiwa "tafuta mtu wa kuzungumza naye", kana kwamba mazungumzo yote ni mamoja. Si mamoja, na tofauti zake unaweza kuzijua kabla ya kupiga simu ya kwanza.

Kwanza, unamwendea nani

Majina huchanganya. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kamili, kisha akabobea katika akili. Anaweza kuandika dawa, kuagiza vipimo vya damu na kukulaza hospitalini. Mwanasaikolojia wa tiba amesomea namna fikra, hisia na tabia zinavyofanya kazi; hupima kwa maswali na madodoso, hutibu kwa vikao, na katika nchi nyingi haandiki dawa. Mshauri nasaha, ambaye wengine humwita mnasihi, mara nyingi amefundishwa kwa muda mfupi zaidi na amelenga mambo ya maisha: msiba, ndoa, kazi, uamuzi mgumu.

Kwa mtu aliyefiwa na anayehitaji kusikilizwa, mnasihi mzuri anafaa kuliko daktari mwenye dakika kumi za kukupa. Lakini anza kwa daktari ikiwa unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ikiwa unapitisha siku kadhaa karibu bila kulala na bado unajaa nguvu za ajabu, ikiwa huli wala huwezi kujiinua kuoga, au ikiwa uchovu na huzuni vimekuja bila sababu unayoiona. Hili la mwisho watu hulipuuza. Tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikizembea humletea mtu uchovu, uzito wa mawazo na huzuni inayofanana sana na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kipimo cha damu huibainisha, na vikao hata 40 haviwezi kuitibu. Na ikiwa unafikiria kujiua na umeshaanza kupanga namna, usingoje miadi ya wiki ijayo. Nenda hospitali leo, na umwombe mtu mmoja akusindikize.

Wengi huniuliza kama wachague dawa au mazungumzo. Kwa sonona nyepesi na ya wastani, mazungumzo peke yake mara nyingi hutosha. Ikiwa kali, viwili kwa pamoja huwa na nguvu kuliko kimoja. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya matokeo kuonekana, na hazikatizwi ghafla bila daktari kujua. Nimewaona watu wanaona aibu kuzimeza, wakidhani zinamaanisha wameshindwa. Kwa baadhi yao, dawa ndiyo iliyowapa nguvu ya kutoka kitandani na kufika kikaoni.

Yeyote utakayemwendea, muulize amesomea wapi na amesajiliwa na chombo gani. Katika nchi nyingi jina la mwanasaikolojia hulindwa na sheria, ilhali jina la mshauri linaweza kubandikwa mlangoni na mtu yeyote. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo. Akikasirika, amekujibu.

Kikao cha kwanza hufanana karibu kila mahali

Njia hutofautiana baadaye. Siku ya kwanza, nyingi hupita mlango mmoja. Utajaza fomu. Utaulizwa kilichokuleta sasa hivi, na kwa nini si mwaka jana. Utaulizwa kuhusu usingizi, hamu ya kula, pombe na vilevi vingine, magonjwa, dawa unazotumia, waliokulea, unaoishi nao. Wengine hutoka wakilalamika: "Alinihoji tu kama polisi, hakunisaidia lolote." Hiyo si tiba bado. Ni vipimo, na vikao viwili au vitatu vya mwanzo vinaweza kwenda hivyo.

Huenda ukapewa dodoso lenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali likiwa na alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Linaitwa PHQ-9 na hutumika pembe zote za dunia kupima sonona. Swali la tisa ndilo huwatoa watu jasho: linauliza kama umewaza kwamba ingekuwa heri ufe, au kujidhuru. Mimi nilishika kalamu juu ya swali lile muda mrefu, nikaandika 0 huku nikijua ni 1. Niliogopa kufungiwa hospitali. Sasa najua kwamba kukiri wazo peke yake, mara nyingi sana, huleta maswali zaidi tu: linakuja mara ngapi, una mpango wowote, kitu gani kinakuzuia. Mtaalamu amefundishwa kutenganisha wazo na nia. Ukimficha, unamfanya atibu mtu mwingine asiyekuwa wewe.

Halafu kuna habari ya siri. Unayosema hayatoki pale, isipokuwa katika mambo machache ambayo anapaswa kukutajia mwanzoni kabisa: ukiwa hatarini kujiua, ukiwa na nia ya kumdhuru mtu, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Wataalamu wengi pia hujadili kazi yao na msimamizi bila kutaja jina lako. Asipoyasema haya mwenyewe, muulize kabla hujafungua moyo.

Nyumbani utarudi umechoka kuliko ulivyotarajia. Kulia ni kawaida, na kutolia ni kawaida pia. Wengine husikia afadhali siku hiyo hiyo. Wengine huzidiwa kwa siku mbili, kwa sababu wamegusa kidonda walichokuwa wamekifunika. Usipange kikao kigumu cha kazi saa moja baada ya kutoka pale.

Sentensi moja, vyumba vitatu

Tuchukue maneno niliyoyasema mimi mwenyewe, kwa wataalamu wote wawili: "Usiku silali. Nikizima taa tu, kichwa kinaanza kazi."

Chumba cha kwanza ni cha tiba ya fikra na tabia, ambayo kwenye matangazo ya wataalamu utaikuta kwa herufi CBT. Hapa sentensi yangu ilikatwa vipande vidogo. Jana ulizima taa saa ngapi? Wazo la kwanza lilikuwa lipi? Nikasema: kwamba nitafukuzwa kazi. Ukaliamini kwa kiasi gani, kuanzia 0 hadi 100? Nikasema 90. Kitu gani kilitokea mchana?

Kilichotokea mchana ni kwamba mkuu wangu alinijibu barua pepe ndefu kwa neno moja: "Sawa."

Tukaandika. Safu ya kwanza, tukio. Ya pili, wazo. Ya tatu, hisia na ukali wake. Ya nne, ushahidi unaoliunga mkono wazo. Hii niliijaza upesi, mistari mitano. Ya tano, ushahidi unaolipinga. Pale kalamu ilisimama. Nilikaa dakika nyingi nikiitazama safu tupu, naye hakunisaidia, akaniuliza tu: "Wenzako huwa anawajibuje?" Nikakumbuka kwamba huwajibu hivyo hivyo, neno moja, kila siku. Wazo likashuka hadi 40. Halikufutika, lakini kwa 40 mtu anaweza kulala.

Mwenye kuileta njia hii ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa njia ya zamani ya uchambuzi wa nafsi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mkondo wa mawazo ya haraka, makali, ambayo hawakuyataja kwa sababu hawakuyaona kama mawazo. Waliyaona kama ukweli. Ndiyo maana chumba hiki kina kalamu nyingi.

Kwa usingizi hasa, kuna aina yake maalumu, nayo ni kali kuliko watu wanavyodhani. Unaandika shajara ya usingizi. Unaamka saa ile ile kila siku, hata kama umelala kwa muda wa saa tatu tu. Usipopata usingizi, unatoka kitandani. Muda wa kukaa kitandani unapunguzwa ulingane na usingizi unaoupata kweli, kisha unaongezwa kidogo kidogo. Wiki mbili za mwanzo nilitembea kama mlevi. Ya tatu nililala. Leo miongozo ya kitabibu huipendekeza kama tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu, mbele ya vidonge.

Chumba cha pili hakina karatasi. Ni cha tiba ya saikodinamiki, mjukuu wa kazi ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, kule Vienna. Hapa mtaalamu aliniacha niende ninakotaka, akasubiri, halafu akauliza: "Kichwa chako kinapoanza kazi usiku, kinamfanyia nani kazi?"

Siku ile niliona ni swali la ajabu. Nilirudi kwenye njia hii miaka kadhaa baadaye, kwa mtaalamu mwingine, na ndipo jibu likaja, likiwa limevaa mavazi ya utotoni. Baba yangu alichelewa kurudi. Sikulala mpaka nisikie komeo la mlango likianguka mahali pake, *ka*, ndipo nilijua kila mtu yuko ndani. Nilikuwa mlinzi wa nyumba nikiwa na umri wa miaka minane, na hakuna aliyeniambia zamu imeisha.

Karatasi ya safu tano isingelifikia komeo lile. Na komeo lile, kwa upande wake, lisingeniwezesha kulala wiki ile niliyokuwa nahofia kazi yangu. Ninawaomba wanaobishana ni njia ipi "ya kweli" wautazame ukweli huo.

Kuna jambo jingine la chumba hiki ambalo ni vigumu kulielewa mpaka ulipitie. Namna unavyoishi na watu huko nje utaileta humo ndani na kumfanyia mtaalamu. Ukizoea kuwaridhisha watu, utamridhisha. Ukizoea kukimbia watu kabla hawajakukimbia, utamkimbia. Kule kuacha kwangu bila kuaga ndiko hasa kulikohitaji kuzungumzwa, na mimi niliondoka nako. Ukiona unataka kuacha njia hii, nenda ukaseme kwamba unataka kuacha. Huenda kikao hicho kikawa na maana kuliko vyote vilivyotangulia.

Watu huuliza kuhusu kochi la kulalia. Lipo bado, katika uchambuzi kamili wa nafsi ambapo mtu huenda mara 3 hadi 5 kwa wiki. Wengi wanaotumia saikodinamiki leo huketi kwenye viti viwili, mara moja kwa wiki.

Chumba cha tatu nimekiingia kidogo, nitakisema kwa ufupi. Ni cha tiba inayomweka mtu mbele, ya mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers. Hapa hakuna kazi ya nyumbani wala tafsiri ya utoto. Sentensi yako hurudishwa kwako ikiwa wazi zaidi: "Ni kama usiku ndio wakati pekee unaojiruhusu kuogopa." Mwaka 1957 Rogers aliandika masharti anayoamini yanamfanya mtu abadilike, na matatu kati yake yamekuwa moyo wa unasihi mwingi wa leo: mtaalamu akuelewe kwa undani, asijifanye, na akukubali bila masharti. Anayetaka mbinu huona chumba hiki ni kitupu. Aliyeishi maisha yake yote akihukumiwa, huenda hapo ndipo pa kwanza kuvuta pumzi. Kwa msiba, aibu, na uamuzi usio na jibu sahihi, ningempeleka ndugu yangu hapo kabla ya kwingine.

Pale njia inapokuwa na uzito wa kweli

Mwaka 1936 mwanasaikolojia Saul Rosenzweig alitoa hoja ambayo bado inajadiliwa: kwamba njia tofauti huleta matokeo yanayokaribiana kwa sababu kuna mambo yanayozifunga zote, hasa uhusiano baina ya wawili walioketi. Kwa sonona na huzuni za maisha, ninakubaliana naye kwa kiasi kikubwa. Mpate mtu mnayeelewana, njia ifuate.

Lakini si kwa kila tatizo. Mwenye hofu iliyokaza kuhusu kitu kimoja, kama lifti, mbwa au sindano, anahitaji kukikaribia kile kitu hatua kwa hatua huku mtaalamu akiwa naye. Miaka ya kuzungumzia mbwa haitamfanya apite mbele ya mbwa. Mwenye mawazo yanayomlazimisha kunawa mikono mara 30 au kurudi kukagua jiko anahitaji tiba ambayo humkutanisha na hofu ile na kumzuia asiifuate kwa tendo lake la kujituliza. Mazungumzo ya kumliwaza yanaweza hata kumzidishia, maana kuliwazwa nako hugeuka tendo jingine la kulazimisha. Kwa shida hizi mbili, usiridhike na mtu mpole tu. Muulize waziwazi kama amefundishwa njia hiyo.

Kiwewe nacho, lile jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, kina njia zake. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013, lilipendekeza mbili kwa watu wazima: tiba ya fikra na tabia iliyolenga kiwewe, na EMDR, ambayo Francine Shapiro alianza kuitengeneza mwaka 1987. Kwenye EMDR unaishika kumbukumbu mbaya akilini huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu vinavyokwenda kushoto na kulia. Faida yake kwa anayeogopa kusimulia ni kwamba huhitaji kueleza tukio lote kwa kina kama katika ile nyingine. Katika zote mbili, mtaalamu mzuri hatakutumbukiza siku ya kwanza. Kwanza atakufundisha namna ya kujituliza na kurudi katika hapa na sasa. Anayekutaka umwage kila kitu kikao cha kwanza, kisha akusindikize mlangoni ukitetemeka, ana haraka inayoumiza.

Ikiwa sonona yako imeanza na ugomvi, kufiwa, kuhama au kustaafu, uliza pia kuhusu tiba ya mahusiano baina ya watu, iliyotokana na kazi ya Gerald Klerman na Myrna Weissman. Ina vikao 12 hadi 16 na hushika mambo hayo tu. Kwa wanaojikata au kujidhuru hisia zinapofurika, mwanasaikolojia Marsha Linehan alijenga tiba inayofundisha ujuzi halisi wa kuvumilia dhoruba bila kujiumiza. Ndiyo ningeitafuta kwanza.

Peke yako, wawili, au kikundi

Kikundi huwatisha wanaoanza, na ninaelewa. Kukaa na watu sita hadi kumi usiowajua, dakika 90, na kusema linalokuchoma! Lakini kwa mwenye aibu ya siri, aliyeamini ni yeye tu duniani, kusikia mwingine akisema "hata mimi" hufanya kazi ambayo mtaalamu mmoja hawezi. Kwa mwenye kiwewe kibichi au aliye katikati ya hatari, ningeanza peke yake.

Wanandoa wakija pamoja, mteja ni uhusiano wenyewe, si mmoja wao, kwa hiyo usiende ukitarajia hakimu. Na ikiwa nyumbani kuna kipigo au unamwogopa mwenzako, usianze na vikao vya pamoja. Linalosemwa mbele ya mtaalamu linaweza kulipiwa usiku. Anza peke yako, mahali salama.

Kuketi naye au kumwona kwenye skrini

Kwa sonona na wasiwasi, vikao vya video hufanya kazi vizuri, karibu sawa na vya ana kwa ana. Kinachoharibu mara nyingi ni ukuta mwembamba. Ukiwa unazungumza kwa sauti ya chini ili mwenzako wa chumba cha pili asisikie, hutasema lile lililokuleta. Watu hukaa kwenye gari lililoegeshwa, huvaa visikilizi, huwasha feni mlangoni. Ikiwa hata hayo hayawezekani, vumilia safari. Safari yenyewe ina kazi: ukienda unajikusanya, ukirudi unajituliza, ilhali skrini hukutoa kwenye machozi na kukuweka jikoni ndani ya sekunde moja. Ukichagua skrini, jipe dakika kumi za kutembea kabla ya kumjibu mtu yeyote.

Muda, na namna ya kujua kama kazi inakwenda

Tiba ya fikra na tabia mara nyingi huwa vikao kati ya 12 na 20, kimoja kwa wiki. Saikodinamiki ina aina fupi ya miezi kadhaa, na ndefu inayozidi mwaka. Unasihi wa jambo moja unaweza kwisha kwa vikao sita. Kwa hiyo kama una miezi mitatu tu kabla ya kuhama, usifungue chumba cha pili. Lipeleke swali dogo chumba cha kwanza, kubwa ulitunze.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliugawa uhusiano wa tiba katika mambo matatu: lengo, kazi na kifungo. Mimi huyatumia kama kipimo cha kikao cha nne. Je, mimi na huyu mtu tunakubaliana tunakwenda wapi? Je, tunayofanya humu ninaona yanavyotupeleka huko? Je, ninahisi yuko upande wangu, hata anaponikosoa? Jibu la tatu likiwa hapana baada ya vikao vinne, badilisha mtu. Likiwa ndiyo, ila la kwanza au la pili ni hapana, usibadilishe bado. Mwambie. Katika mara ya kwanza, laiti ningesema "sielewi kimya hiki ni cha nini", nadhani angenieleza.

Ila tenganisha karaha ya kazi na karaha ya hatari, kwa sababu mgeni hawezi kuzijua kwa harufu. Kuogopa kwenda siku fulani, kumkasirikia mtaalamu, kuona aibu kwa ulichosema wiki iliyopita, kuota ndoto nzito: hayo huja na kazi. Mtaalamu kukutongoza au kukugusa kimapenzi si kazi, na hakuna maelezo yanayoweza kuhalalisha, hata ukiwa wewe umempenda. Kukusimulia siri za wateja wengine, kutumia saa yako kueleza ndoa yake, kukulazimisha imani yake, kukukataza usimwone daktari, kukuahidi kupona kwa kikao kimoja: ondoka, na ukiweza mripoti kwa chombo kilichomsajili. Kwa hao huna deni la kuaga.

Kama bado huwezi kuchagua

Ningekuwa naanza leo bila kujua lolote zaidi, ningejiuliza kitu kimoja: shida yangu ina anuani? Ikiwa naweza kuitaja kwa sentensi fupi, "silali", "siwezi kupanda lifti", "siwezi kusimama mbele ya watu", ningeanza na chumba cha kwanza na kukipa vikao sita. Ikiwa ninachoweza kusema ni kwamba jambo lile lile hunirudia kwa watu tofauti, mapenzi yanavunjika kwa namna ile ile, kila kazi inaisha kwa ugomvi ule ule, ningetafuta chumba cha pili na kujiandaa kwa safari ndefu. Na kama sina hata sentensi, nimechoka tu na sijasikilizwa miaka, ningekwenda cha tatu, sentensi ije yenyewe.

Kisha ningepiga simu kwa watu wawili, si mmoja, na kuwaambia hivi: "Sijawahi kufanya jambo hili. Niambie kikao chako huwa kinakwendaje, wewe huzungumza kiasi gani, na tutajuaje kama inanisaidia." Atakayejibu kwa maneno ninayoyaelewa, bila haraka, ndiye ningeomba miadi kwake.